Siku ya Kumsilimisha Kadii

"Heri ya Krismasi, mwanangu! Karibu, karibu ndani, leo nyumba yote ni yako."

Bi Mwanamina alimkumbatia Kadii pale mlangoni kabla hata hajavua viatu. Alinukia udi na asmini, na mikono yake minene ilimshika kwa furaha ya kweli. Kadii alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, katika duka la dawa lililo karibu na soko la Malindi, akijua kwamba amealikwa chakula cha mchana tu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuketi na mama wa Swafwan, mwanamume aliyempenda kuliko alivyowahi kupenda mtu.

"Assalaam aleikum, mama. Shikamoo," alisema, akiinamisha kichwa.

Wanawake waliojaa sebuleni waliangua kicheko cha bashasha.

"Hebu msikizeni! Ashajua na salamu!" Nahla, mdogo wake Bi Mwanamina, alipiga makofi. "Na mtandio kajifunga vizuri, mashaallah. Swafwan, wewe kijana, umeanza kumfunza mapema!"

Kadii alitabasamu kwa sababu wote walikuwa wakitabasamu. Hakuelewa. Mtandio ule alikuwa akijifunga tangu yu mtoto wa chuo cha Kurani. Kisha akayaona maputo mekundu na ya kijani yaliyobandikwa ukutani, na mezani keki kubwa nyeupe iliyoandikwa kwa rangi ya waridi: Krismasi Njema Kadii.

"Najua mambo haya si yetu," Bi Mwanamina alisema, akimvuta hadi kwenye kochi, "lakini nikasema, mtoto wa watu leo ana sikukuu yake, kaacha wazazi wake kuja kwangu. Nitamwacha hivi hivi? Nikamwagiza mwokaji wa mtaa wa Barani. Kata, mwanangu, usione haya. Tena ukate kwa furaha, maana hii ndiyo Krismasi yako ya mwisho!"

"Ya mwisho, mama?"

"Swafwan kanieleza yote. Kwamba umeridhia kuingia katika dini. Wallahi nililia usiku ule, muulize Nahla. Nimeshasema na Sheikh Abdurahman. Siku ya Idd, baada ya swala, hapa hapa nyumbani, mtaa mzima ushuhudie. Utatamka shahada, na tutakupa jina zuri. Mimi nimependa Thuweba. Ni jina la marehemu mamangu."

Kadii alilitazama lile jina lake juu ya keki.

Baba yake alikuwa Maalim Chengo wa Kakuyuni. Yeye ndiye aliyemwadhinia sikioni siku aliyozaliwa, akamfundisha alifu na bee kwa kijiti mchangani, na mpaka leo ndiye anayesalisha katika msikiti mdogo wa kijijini. Kadii lilikuwa jina la nyanya yake mzaa baba, na nyanya huyo naye alizaliwa Mwislamu.

Polepole aligeuza uso kumtafuta Swafwan. Alikuwa amesimama karibu na pazia, sinia la sharubati mikononi, na macho yake meusi yenye kope ndefu yalikuwa yakimwomba. Yalimwomba kama mtoto: usiseme, tafadhali, usiseme.

Macho hayo hayo aliyaona kwanza uani kwao. Swafwan alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi aliloachiwa na marehemu baba yake, naye alikuja Kakuyuni kuleta saruji ya kuupanua msikiti. Alasiri ilipowadia, Maalim Chengo alimwita bintiye amletee mgeni maji ya kutawadha. Kadii alileta birika. Swafwan alinyoosha mikono, akainua uso, na maji yakamwagikia viatu vyake vyote bila yeyote kati yao kugundua. Kisha akaenda akasali nyuma ya Maalim Chengo.

Hakuna kitu ambacho Swafwan hakukijua.

"Kata, mwanangu," Bi Mwanamina alimhimiza.

Kadii alichukua kisu, akakata. Wanawake wakapiga vigelegele. Alipotafuna ile keki haikuwa na ladha yoyote kinywani mwake.

* * *

Swafwan alimsindikiza. Walipofika kwenye kichochoro cha nyuma, mahali ambapo kuta zilikuwa ndefu na hapakuwa na mtu, Kadii aligeuka.

"Niambie kwamba sikusikia vizuri."

"Kadii, nisikize kwanza."

"Ulisali nyuma ya babangu, Swafwan. Maji nilikuletea mimi."

"Najua."

"Basi mimi ni nani? Hebu nijuze, maana leo nimejikuta Mkristo."

Swafwan alijishika kichwa. "Nilipomwambia mama nimempenda msichana wa Kakuyuni, Mgiriama, hakuuliza hata dini yake. Alisema tu, 'Mji mzima umekosa mke, mpaka ukatafute shamba?' Akasusa kula. Mwezi huo huo jirani yetu akamwozesha mwanawe binti Mkristo wa Mariakani aliyesilimu. Mtaa wote ukamsifu. Thawabu, heshima, kila mtu anamtaja. Mama hakuwa na mazungumzo mengine. Siku moja nikajikuta nimesema, na wangu pia ni Mkristo, naye atasilimu kwa ajili yangu. Ungeuona uso wake, Kadii. Alinibusu mikono. Aliyekuwa hataki kukusikia akaanza kuuliza unapenda kula nini."

"Kwa hiyo Kadii Mwislamu hafai, ila Kadii kafiri anafaa."

"Usiseme hivyo."

"Nani aliyesema hivyo? Mimi au wewe?"

Swafwan alisogea karibu, akashika ncha ya mtandio wake kwa vidole viwili, kama alivyozoea kufanya wakiwa peke yao, na sauti yake ikashuka.

"Nakupenda. Nilitafuta mlango wa kukuingiza kwetu, na huo tu ndio uliofunguka. Nivumilie mpaka Idd. Utatamka maneno unayoyatamka kila siku. Kuna dhambi gani katika kutamka shahada? Nani atakayedhurika? Tutaoana, mwaka utapita, na hakuna atakayekumbuka."

Alikuwa karibu mno. Kadii aliuhisi mwili wake wote ukitaka kumwamini, na kwa muda mfupi alitamani kuegemea kifua kile na kulia tu.

"Na babangu?" aliuliza. "Naye nimwambie nini?"

"Si lazima ajue," Swafwan alijibu. "Si lazima awepo."

Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani ya Kadii. Hakupiga kelele. Alimtazama mwanamume huyu mzuri, mpole, mwoga, akauona wakati huo huo uso wa baba yake, na mapenzi yote aliyokuwa nayo yakachukua sura nyingine bila kupungua hata kidogo.

"Haya," alisema. "Mpaka Idd."

Swafwan alishusha pumzi, akaipeleka ncha ya mtandio midomoni mwake na kuibusu. Alidhani amesamehewa.

* * *

Tangu siku hiyo Kadii aliilea hasira yake kama mtu anavyolea mtoto mchanga. Bi Mwanamina alimpigia simu kila jioni kumfundisha. Alianza na Fatiha, aya moja moja, na Kadii, ambaye aliisoma sura ile kabla ya kung'oka meno ya utotoni, alijikwaa makusudi.

"Al-hamudu..."

"Siyo, mwanangu. Alhamdu. Rudia polepole, usiogope. Mungu anaijua nia yako."

"Ahsante, mama. Ulimi wangu mzito."

"Utalainika tu."

Akishakata simu, Kadii alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Ziko siku alizoona haya, kwa sababu yule mwanamke alikuwa na subira na sauti yake ilikuwa na upendo. Huenda angelegea. Lakini jioni moja, katikati ya somo, Bi Mwanamina alisema, "Wako Wagiriama wengine huko mashamba husema wao Waislamu, lakini wale ni wa jina tu, hawajui hata kutawadha. Wewe tutakufunza sawasawa, usiwe kama wao."

Kadii alibana simu sikioni mpaka ikamuuma. "Inshaallah, mama," alijibu.

Na baadaye kidogo akamsomea Fatiha kwa makosa mengi zaidi.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Swafwan alianza kupita dukani karibu na magharibi, akimletea tende na kaimati kwenye bakuli. Hawakuzungumza sana. Walifuturu wakiwa wamesimama, meza ya dawa katikati yao, na macho yao yalikutana kila mmoja anapoinua kikombe. Katika dakika zile Kadii alisahau. Alimpenda alivyofumba macho akinywa maji. Alianza kujiambia kwamba labda amwite kando, amwambie, "Niondolee aibu hii wewe mwenyewe, mwambie mamako ukweli, nami nitakusamehe." Aliyapanga maneno hayo, akayarudia usiku kucha.

Siku iliyofuata, Ijumaa, adhuhuri, mlango wa duka ulifunguka. Swafwan aliingia na hotipoti mbili na mkate wa mofa uliofungwa kwa kitambaa. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu. Harufu ya biriani ya mbuzi ilijaa dukani.

"Nini hiki?" Kadii aliuliza.

"Mama." Hakumtazama usoni. "Amesema wewe bado hujaanza kufunga, usikae na njaa kwa sababu yetu. Amepika mwenyewe."

"Na wewe umeniletea."

"Ningemwambia nini?"

"Unajua nimefunga."

"Najua, Kadii."

"Umetembea nacho mtaani kote mchana huu wa Ramadhani, kila mtu akijua unamletea nani."

"Zimebaki siku chache," alisema kwa unyonge. "Tuvumilie."

Aliweka hotipoti juu ya meza na kuondoka haraka, mabega yameinama. Yale maneno aliyoyapanga usiku kucha Kadii aliyameza yote, na hayakurudi tena.

"Emily, njoo ule," alimwita mwenzake aliyekuwa stoo, aliyejua kisa chote. "Chakula cha wakwe. Kula chote, sitaki kukiona."

Emily alitoka, akachungulia, akatikisa kichwa. "Mimi? Leo Ijumaa, na ni Kwaresima. Sili nyama, tena nimefunga mpaka jioni. Kwani wewe unadhani Wakristo hatufungi?"

Kadii alikuwa amefanya kazi na Emily miaka yote hii, na hakuwahi kuuliza. Walitazamana juu ya ile biriani inayofuka, wanawake wawili wenye njaa, na Emily ndiye aliyeanza kucheka. Mwishowe walikipeleka kwa wagonjwa wa zahanati ya jirani.

Waliporudi, Emily alimshika mkono. "Kadii, mwambie babako. Chochote unachokipika hapo kichwani, mzee ajue kwanza."

"Nikimwambia atanizuia."

"Ndiyo maana nasema umwambie."

Kadii hakumwambia.

* * *

Asubuhi ya Idd, Maalim Chengo alitoka nje akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, kofia mpya, na mafuta ya miski nyuma ya masikio. Binti yake alikuwa amemwambia kwamba familia ya Swafwan imewaalika Idd, na kwamba wanataka kumwona. Mzee alijua maana ya mwaliko wa namna hiyo. Alikuwa amesalisha Idd mapema, akawaaga watu wake kwa uso unaong'aa, na sasa alibeba kikapu cha korosho mwenyewe, hataki kusaidiwa.

"Niko sawa?" alimuuliza bintiye, akiitazama kanzu yake. "Nisije nikakutia aibu mbele ya watu wa mjini."

Ilikuwa nafasi ya mwisho ya kusema. "Umependeza, baba," alijibu.

Nyanya yake, Hawe Kadii, aliketi nyuma ya gari la kukodi na leso zake mpya, akiuliza kila mara kama pilau la mjini lina nyama ya kutosha.

Nyumba ya Bi Mwanamina ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa barazani na ukumbini, wanawake sebuleni, na milango ilikuwa wazi ili wote waone. Sheikh Abdurahman alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima. Bi Mwanamina, amependeza kwa buibui la hariri, alimpokea Kadii kwa mikono miwili.

"Idd Mubarak, Thuweba wangu! Na hawa ndio wazee? Karibuni, karibuni. Poleni na safari. Nawashukuru kwa moyo wenu, si kila mzazi angekubali."

"Idd Mubarak, dada yangu," Maalim Chengo alijibu kwa adabu. "Minal aidina wal faizina. Kukubali nini?"

Lakini Bi Mwanamina alikuwa ameshageuka kuitikia mgeni mwingine.

Upande wa pili wa ukumbi, Swafwan alimwona mzee. Kadii alikuwa akiusubiri wakati huo. Aliuona uso wake ukipoteza rangi, akaona mkono wake ukitafuta ukuta, na macho yake yakimjia yeye moja kwa moja, yale yale ya kuomba. Aliyatazama bila kupepesa. Alijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu Krismasi.

"Bismillahi," Sheikh Abdurahman alianza. "Ndugu zangu, leo ni furaha juu ya furaha. Binti yetu huyu ameamua kwa hiari yake kuingia katika Uislamu. Binti, uko tayari kutamka?"

Hawe Kadii, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, alimgusa mjukuu wake. "Nani anayesilimishwa?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Ni mimi, hawe."

"Wewe? Kwani uliritadi lini?"

Watu waligeuka. Kadii alisimama, akajitengeneza mtandio.

"Sheikh, niko tayari. Ila shahada mimi nilitamkishwa na babangu, na leo yupo. Ningependa anitamkishe tena yeye, maana ndiye anayesalisha watu huko kwetu."

Sheikh Abdurahman aliinua miwani yake na kumtazama yule mzee wa kanzu nyeupe. Kisha akainuka kitini.

"Maalim Chengo? Chengo wa Kakuyuni? Subhanallah, mimi na wewe si tulisoma pamoja Mambrui? Huyu ni bintiyo?"

"Ni binti yangu, Sheikh." Maalim Chengo alikuwa bado amekishika kikapu. "Lakini sifahamu. Anasilimishwa kwa nini?"

Sauti ya watoto wakicheza na fataki nje ilisikika wazi.

"Muulize mwenyeji wetu, baba," Kadii alisema. "Muulize yule aliyekuletea saruji, akasali nyuma yako, akala ugali wako. Yeye ndiye aliyewaambia watu hawa kwamba mimi ni kafiri."

"Swafwan?" Sauti ya Bi Mwanamina ilikuwa ndogo. "Swafwan, ulijua?"

Swafwan alijitenga na ukuta. "Nilijua, mama."

"Nyumbani kwangu? Siku ya Idd? Mbele ya Sheikh?"

"Ungemkubali?" alilipuka. "Sema kweli mbele ya watu hawa. Ningekuletea Kadii binti Chengo, Mwislamu, Mgiriama wa Kakuyuni, ungemkubali? Ulisusa kula, mama. Ilibidi nimfanye zawadi ndiyo umtazame."

Bi Mwanamina alifungua kinywa. Kila mtu alisubiri aseme ndiyo, ningemkubali. Nahla aliinamisha uso. Bi Mwanamina alifunga kinywa chake bila kusema.

Maalim Chengo ndiye aliyezungumza, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. "Kijana, kama nilikuwa si wa hadhi yenu, ungenyamaza tu usije tena. Ningeelewa. Lakini kumwondoa mtoto wangu katika dini yake..." Aliweka kikapu cha korosho chini, karibu na mguu wa kiti.

"Baba, nisamehe," Swafwan alisema, akipiga magoti mbele ya wageni wote. "Kadii, nisamehe."

Kadii alimtazama pale chini. Hiki ndicho alichokuwa akikiota kwa miezi, na kilikuwa kitamu kama alivyodhani. Lakini Bi Mwanamina alikuwa amemsogelea, na machozi yalikuwa yakichuruzika mashavuni bila kufutwa.

"Na wewe ulijua tangu siku ile ya keki," alisema. "Kila jioni ulinisomea Fatiha kwa makosa. Ulikuwa ukinicheka."

"Ndiyo, mama," Kadii alijibu. "Nilikuwa nikikucheka."

"Nilikuwa nikikupa jina la mamangu."

"Nina jina, mama. Mwenye jina hilo ndiye huyu hapa, amekaa, anasubiri pilau lako."

Bi Mwanamina aligeuka kumtazama Hawe Kadii. Wanawake hao wawili walitazamana, mmoja analia, mwingine haelewi. Kisha Bi Mwanamina akajifunika uso kwa buibui na kuingia chumbani, na mlango ukafungwa kwa ndani.

"Twende, baba," Kadii alisema.

* * *

Walirudi Kakuyuni. Hawe aliingia jikoni kuonjaonja sufuria za majirani zilizoletwa. Maalim Chengo aliketi kwenye kibao chini ya ukuta, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Krismasi, baba."

"Na ukaniambia nije kula Idd."

"Ndiyo."

"Ulitaka nije nile, au nije niwe fimbo?"

Kadii alitamani kudanganya. Alimtazama usoni, akashindwa.

"Fimbo, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nimevaa vizuri kwa ajili ya posa ya mwanangu," alisema. "Njia nzima nilikuwa nikifikiri nitajibu nini wakiniuliza mahari. Nilishaamua nisiwatajie kitu kikubwa, wasije wakatuona watu wa tamaa." Akainuka. "Yule kijana amekukosea sana, na sikulaumu kwa hasira yako. Lakini wewe ungeniambia."

Aliingia ndani kubadilisha kanzu. Kadii alibaki uani. Alitafuta machozi, hayakuwapo.

Simu ilianza kuita. Aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, ikaita tena, na mara ya tatu akapokea.

"Kadii." Sauti ya Swafwan ilikuwa imepasuka. "Ahsante kwa kupokea. Sema chochote. Nitukane."

"Uko wapi?"

"Barazani. Watu wote wameondoka. Hawakula. Mama hafungui mlango, nimebisha mpaka mikono inauma. Sheikh hakunipa hata mkono alipotoka."

"Umeumia?"

"Sana."

"Niambie umeumia vipi."

Swafwan akamwambia. Alimwambia jinsi Nahla alivyompita kama hamwoni. Jinsi vijana wa mtaani walivyomtania kwa ile keki, wakicheka. Jinsi alivyokaa peke yake mbele ya masinia ya pilau lililopoa, akakiona kile kikapu cha korosho, akashindwa kukigusa. Kadii alisikiliza kila neno, mgongo wake ukutani.

"Nitakuja kwa babako," Swafwan alisema mwishowe. "Kesho. Nitakuja na miguu yangu, nimwangukie. Atanisamehe?"

"Atakusamehe. Babangu hakai na kinyongo."

"Na wewe, Kadii?"

Alifumba macho. Aliuona mkono wa Swafwan ukishika ncha ya mtandio, akaiona midomo yake ikikutana na maji wakati wa magharibi, na alijua kwamba anampenda bado, vile vile, pengine zaidi.

"Mimi si babangu," alimwambia.

Upande wa pili Swafwan akaanza kulia. Hakujizuia wala hakuona haya, alilia kama mtu aliyefiwa. Kadii hakukata simu. Aliibana sikioni kwa mikono miwili, akasikiliza, na alipohisi kilio kinapungua alibaki pale pale, akitaka kukisikia mpaka mwisho.